Nilimtafsiria mama kwa maneno mawili, akachomwa sindano

Shikamoo mama,

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, nina miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili. Kwetu ni Chemba, upande wa Kwa Mtoro. Ni Msandawe. Kabila nalitaja mapema kwa sababu shida yangu yote imeanzia hapo.

Baba yetu alifariki mwaka jana baada ya mavuno. Mama, ambaye sasa ana miaka 63, alibaki kijijini na mdogo wangu wa mwisho, na mwanzoni alijikaza kama watu wazima wanavyojikaza. Baadaye mdogo wangu akaanza kunipigia simu: mama hali, mama anaamka alfajiri anakaa nje kwenye jiwe alilozoea kukalia baba, mama anaongea peke yake. Mwezi uliopita nikaenda kumchukua. Ana bangili ya shaba ambayo zamani haikutoka mkononi bila sabuni. Nilikuta inapanda mpaka kwenye kiwiko na kushuka yenyewe.

Nikampeleka hospitali moja ambayo sitaitaja. Tulifika saa moja asubuhi, tukaingia kwa daktari saa sita na nusu. Daktari yuko mezani, muuguzi yuko pembeni, mlango umeachwa wazi na watu wa kwenye benchi wanasikia kila kitu. Mama anajua Kiswahili cha sokoni, cha bei ya mtama na habari za safari. Mambo ya moyoni anayasema kwa Kisandawe tu. Alipoulizwa anaumwa nini, aliweka kiganja kifuani akaanza kueleza. Unajua lugha yetu ina zile sauti za kugonga ulimi. Muuguzi akacheka, akasema, "Huyu mama anatafuna nini? Mwambieni ateme bigijii kwanza." Wa kwenye benchi nao wakacheka. Mama hakuelewa maneno, lakini kicheko alikielewa. Akanyamaza, akaniangalia.

Nikamwomba aendelee. Akasema tangu baba afe kifua kimekuwa kizito, chakula kinapita kooni kama mchanga, na usingizi unamkatikia saa ile ile baba aliyokuwa akiamka kwenda kufungulia ng'ombe. Akasema kila alfajiri anamsikia nje akikohoa kile kikohozi chake cha tumbaku. Akitoka hamkuti, basi anakaa kwenye jiwe mpaka kupambazuke. Yote hayo aliyasema kwa sauti ya chini sana. Daktari akaniuliza, "Anasemaje?" Nilikuwa nimeona aibu, nataka tutoke pale upesi. Nikajibu, "Anasema anasikia sauti."

Akaandika. Akauliza kama anaongea peke yake, nikasema ndiyo. Hakuuliza ni sauti ya nani. Hakuuliza kama tumepata msiba. Dakika tano hazikufika, mama akachomwa sindano, tukapewa vidonge na tarehe ya kurudi baada ya mwezi kwa sindano nyingine. Kwenye kadi kuna neno la Kiingereza. Kijana wa jirani anayesoma chuo alinisomea: skizofrenia. Akasema ni ugonjwa wa akili wa maisha.

Siku ya tatu shingo ikaanza kumvuta upande. Mikono inatetemeka, mate yanamtoka, anatembea kama mtu aliyebebeshwa gunia. Kuongea peke yake ameacha, ni kweli. Ameacha kuongea na sisi pia.

Mume wangu, ambaye si wa kwetu, anasema tatizo ni sisi watu wa porini tunaopeleka mambo ya mizimu hospitalini. Wajomba wanataka mama arudishwe nyumbani afanyiwe tambiko na vidonge vitupwe. Mimi nimekaa katikati. Nimrudishe hospitali au nimrudishe kijijini? Na haya maneno niliyomtafsiria vibaya, nitamweleza vipi?

Mwanao, Fundi wa Chang'ombe


Marahaba mwanangu.

Shingo kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili macho yamerudi pale shingo inapovutwa upande. Usingoje tarehe ya kwenye kadi. Kesho asubuhi mpeleke mama hospitali, hiyo hiyo au ya rufaa, beba kadi na vidonge vyote, na useme pale mapokezi kwamba ana madhara ya dawa. Sindano za kutuliza maruweruwe, kama haloperidoli na flufenazini, huweza kukaza misuli ya shingo, kutetemesha mikono na kumtoa mtu mate, na kutetemeka huko na kukakamaa huwapata wazee kwa urahisi zaidi. Ile ya mwezi ikishaingia mwilini haitolewi, inangojwa iishe. Lakini ipo dawa ya kulegeza misuli hiyo, na dozi hupunguzwa, na dawa yenyewe hubadilishwa. Daktari ndiye ataamua. Akipata homa kali huku mwili umekakamaa, au akishindwa kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni dharura ya usiku huohuo, usisubiri kuche. Wajomba waambie vidonge havitupwi kwa hasira. Kuziacha dawa hizi ghafla kwa kukisia nako kuna hatari yake.

Sasa tuje kwenye yale maneno mawili.

Mimi nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili karibu maisha yangu yote ya kazi, humu humu Dodoma. "Anasikia sauti" ni maneno mazito mbele ya daktari wa akili. Akiyasikia anafikiria sauti za watu wasiokuwepo, zinazomtukana mgonjwa au kumwamrisha afanye jambo. Mama yako hakusema hivyo. Alisema anasikia kikohozi cha mumewe, saa aliyokuwa akiamka. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha majibu ya wajane na wagane 293 wa eneo alilokuwa akitibu. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuhisi kwamba mwenzi aliyekufa yupo nao. Baadhi walimwona, baadhi walimsikia, na wengi wao hawakuwahi kumwambia mtu. Rees alihitimisha kwamba hilo ni jambo la kawaida la ujane, na kwamba wengi huwa linawafariji. Wale walikuwa Wazungu wa mashambani, wakiulizwa na daktari wa kwao, kwa lugha waliyoielewa. Mama yako alisema jambo lile lile mlango ukiwa wazi, na watu wakicheka.

Zaidi ya hapo, skizofrenia kwa kawaida huanza ujanani. Mtu akianza kubadilika akiwa na miaka 63, baada ya kumzika mumewe, kuna maswali mengi ya kuulizwa kabla ya kuliandika neno hilo kwenye kadi.

Lakini sitakwambia kwamba mama ni mzima. Mtu aliyekonda hadi bangili inafika kiwikoni, anayeamka alfajiri kila siku na kuona chakula ni mchanga, huenda ana sonona, yaani ile huzuni inayopita msiba na kugeuka maradhi. Sonona ina tiba, ya maongezi na ya vidonge, na vidonge vyake ni tofauti na alivyopewa. Huenda pia kuna kitu mwilini kimejificha nyuma ya huzuni: upungufu wa damu, sukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, maambukizi ya mkojo. Omba apimwe. Na muulize mwenyewe, kwa Kisandawe, waziwazi, kama anatamani kumfuata baba. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na dawa za kuogeshea mifugo au za kuulia wadudu zifungiwe mbali.

Unajilaumu, na mimi nataka nikueleze jambo langu ambalo silisemi kwa wepesi. Miaka yangu ya mwanzo wodini aliletwa bibi mmoja wa Kigogo. Siku tatu nilimuuliza maswali yale yale: unalala, unakula, haja unapata? Anatazama sakafu. Nikaandika kwenye faili, kwa mwandiko wangu mzuri, "Mgonjwa hasemi." Faili likaenda kwa daktari, dozi ikapandishwa. Siku ya nne kijana aliyekuwa akimuuguza alitoka kwenda kununua chai. Bibi akanishika mkono, akaongea nusu saa bila kupumzika. Yule kijana alikuwa mkwewe, mume wa binti yake. Mimi nilikuwa namtaka mama mkwe aeleze habari za haja ndogo mbele ya mkwewe! Nilikuwa mgeni Ugogoni, sikuuliza, na uvivu wangu wa kuuliza bibi yule aliulipia kwa mwili wake. Nilirekebisha faili. Zile siku tatu sikuweza kuzirudisha.

Kwa hiyo mumeo akisema ni mambo ya watu wa porini, mwambie jambo hili limetokea na linatokea kwenye miji mikubwa kuliko Dodoma. Marekani, watu weusi huandikiwa skizofrenia zaidi ya mara mbili ya Wazungu, na watafiti wamechunguza miaka mingi wakaona sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatoka kwenye namna daktari anavyomsikiliza mgonjwa: huzuni ya mtu mweusi husomwa kama ukali au wazimu. Mwaka 2001 mganga mkuu wa serikali ya nchi hiyo, David Satcher, alitoa ripoti nzima juu ya hilo, akaonyesha kwamba watu wa makabila madogo hupata tiba ya akili kwa uchache zaidi, na wakiipata huwa ni ya kiwango cha chini. Uingereza, mtu mweusi ana uwezekano zaidi ya mara tatu ya Mzungu wa kulazwa kwa nguvu chini ya sheria ya afya ya akili. Huko kuna mashine na fedha, na bado.

Huku kwetu lilianza na wakoloni. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika mwaka 1953, katika kazi iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani, kwamba Mwafrika ni nadra kupatwa na sonona. Alifikia huko kwa kuwatazama waliofikishwa wodini kwake, na wanaofikishwa wodini ni wale wanaosumbua watu. Bibi anayekonda kimyakimya kwenye jiwe lake nani angempeleka Mathari? Miaka kumi baadaye Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria, alichapisha na wenzake utafiti wa vijiji vya Wayoruba, wakaikuta huzuni hiyo tele. Watu hawakuwa na jina moja la kuiita, ila dalili zake walizijua na kuzieleza vizuri wakiulizwa kwa maneno yao. Ndiyo maana nasema ugonjwa wa mama yako, uwe upi, uko ndani ya yale maneno uliyoyaacha nje. Kifua kizito. Mchanga kooni. Kikohozi cha tumbaku. Daktari anayahitaji yote, kama yalivyotoka.

Sasa namna ya kuyafikisha. Leo usiku yaandike kwa Kiswahili kwenye daftari, pamoja na tarehe ya msiba, siku alipoanza kukonda, siku ya sindano, na siku shingo ilipoanza. Ukiingia, kabla ya lolote, omba mlango ufungwe. Ni haki ya mama, na ombi hilo halimkosei mtu adabu. Ukitafsiri, usiseme "anasema ana mawazo." Sema kama wewe ndiye yeye: "Kila alfajiri namsikia mume wangu akikohoa nje." Ikibidi useme sentensi moja moja, sema moja moja, hata kama foleni inaguna. Ukiona koo linakukaba kwa sababu ni mama yako, mtafute Msandawe mwingine mtu mzima, mwanamke, ambaye mama anamheshimu na ambaye hatatoa siri. Usimtumie mwanao. Usimtumie mumeo: kwanza ni mkwe, na kwa maneno yake yale sidhani kama atamtendea haki. Hospitali nyingi za serikali zina afisa ustawi wa jamii. Mwulize huyo pia, anaweza kukutafutia mtumishi anayejua Kisandawe, na suala la msamaha wa gharama ni lake vilevile.

Halafu muulize daktari mambo haya, na usitoke hajakujibu: ugonjwa huu unaitwaje kwa Kiswahili, ameujuaje, je msiba unaweza kuleta hali hii, na ile sindano ya pili ni ya lazima? Kama bado huridhiki, omba barua ya rufaa. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko hapa hapa mjini, imekuwepo tangu 1927. Najua jina hilo limefanywa tusi nchi nzima, mtu akikosea hesabu anaambiwa apelekwe Mirembe. Usiruhusu utani huo ukunyime mabingwa ambao watu wa mikoa mingine wanawasafiria siku nzima kwenye basi.

Kuhusu yule muuguzi, niseme kama mwenzake wa kazi: alichofanya ni kosa, na usilimeze. Mwone muuguzi kiongozi wa kitengo kile, au andika kwa Mganga Mfawidhi, ueleze siku, saa na maneno yaliyosemwa. Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo pia kwa ajili hiyo. Usipoandika, Msandawe wa kesho atakuta kicheko kile kile, na Mbarbaig atakutana nacho, na Mhadzabe atakayetoka Mkalama. Wazungu wamekuwa wakija Usandawe kuichunguza lugha yenu tangu enzi za Wajerumani. Otto Dempwolff alichapisha kazi yake juu yenu mwaka 1916. Zaidi ya miaka mia dunia imeisoma lugha hii, halafu hospitalini Dodoma, mwendo wa siku moja kutoka kwenu, inaitwa bigijii. Linaniumiza sana hili. Hospitali inayopokea watu wa Chemba, Kondoa, Manyoni na Kiteto inaweza kuandika kwenye karatasi moja ya ukutani nani kati ya watumishi wake anajua lugha gani, awe daktari, mpishi au mlinzi aliyefundishwa kutunza siri. Haihitaji bajeti. Mzigo huu haukupaswa kuwa wako peke yako, mwanangu, umesimama pale na aibu yako na mama yako.

Umeniuliza hospitali au kijijini. Mama anahitaji vyote viwili, kwa mpangilio. Mji huu kwake ni chumba cha kupanga, watoto wanaoongea Kiswahili na cherehani inayolia mchana kutwa. Kaburi liko mbali, jiwe liko mbali, na hakuna mtu wa rika lake wa kumlilia naye. Shingo ikishatulia na daktari akishabadilisha anachobadilisha, mrudishe nyumbani akafanyiwe lile mnalofanyiana kwenye msiba. Mkitaka tambiko, fanyeni. Sijawahi kuona mtu aliyedhurika kwa kukumbukiwa marehemu wake pamoja na ndugu. Ninachokataa ni kufungwa kamba, kufukizwa akiwa chumbani, kunyimwa chakula, au kunyweshwa mizizi juu ya vidonge bila daktari kujua. Waulize zahanati ya kule kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumpitia. Na watafuteni wajane wenzake wawili watatu wawe wanakaa naye. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi la mbao na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona wanakiita kufungisisa, kufikiri kulikozidi. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa: waliokaa na bibi wa mpango huo walipona vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuwa madaktari. Walikuwa wanajua lugha.

Sasa lile la kumweleza mama. Usilipambe. Leo jioni, watoto wakilala, kaa naye chini, mpe uji, msubiri ameze taratibu, kisha mwambie kwa Kisandawe ulivyoniambia mimi: ulisikia wanacheka, uliona aibu, ukafupisha. Akiwa na ulimi mzito kwa ajili ya dawa, usimharakishe. Halafu mwombe akurudishie habari ya kile kikohozi tangu mwanzo, nawe daftari liwe mapajani, kwa sababu ukurasa huo ndio utakaoingia nao kwa daktari kesho asubuhi.